Swali Lililokwama Njiani: Kutafuta Hitilafu kati ya Ofisi ya Unguja na Kanzidata ya Mbali

Katika ofisi nyingi za Unguja, kuanzia zile za Vuga na Shangani hadi hoteli za Paje na Nungwi, kompyuta inaposhindwa kufikia takwimu zilizohifadhiwa nje ya kisiwa, hukumu hutolewa haraka na kwa maneno yale yale: mtandao hakuna. Hukumu hiyo ina sababu zake, kwa kuwa kisiwa kimeunganishwa na dunia kwa nyaya zinazopita chini ya bahari na wakaazi wake wamekwisha kuonja, zaidi ya mara moja, maana ya waya wa namna hiyo kukatika. Lakini mara nyingi hukumu hiyo si sahihi, na ubaya wake ni kwamba humkalisha mtu akisubiri jambo ambalo angeweza kulirekebisha mezani pake. Swali linalotoka kwenye kompyuta ya mchambuzi wa takwimu kwenda kwenye kanzidata iliyoko Johannesburg au Dublin hupita katika programu, vifaa na mitandao mingi kabla ya kujibiwa, na kila kituo kati ya hivyo kinaweza kulikataa kwa sababu yake chenyewe. Kazi ya kwanza ya fundi, basi, na ndiyo kazi inayorukwa zaidi, ni kujua swali limefika wapi.

Kazi ya namna hiyo si ngeni Zanzibar. Mwaka 1879, katika zama za Sultani Seyyid Barghash, mkongo wa telegrafu ulifikishwa Zanzibar kutoka Aden, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Kisiwa cha Bawe, kilichoko magharibi ya Mji Mkongwe, kilitolewa kwa kampuni ya Eastern Telegraph kiwe kituo cha mkongo huo, na waya mwingine ukavutwa kutoka Bawe hadi Shangani, mahali ambapo jengo la mawasiliano lilikuja kujulikana kwa jina la Extelcoms na hivi leo ni sehemu ya hoteli ya Serena. Mafundi wa mikongo wa zama hizo hawakuwa na njia ya kuiona hitilafu iliyolala chini ya maji, lakini waliweza kupima kutoka ufukweni ukinzani wa umeme ndani ya waya. Na kwa kuwa walijua kila maili ya waya ina ukinzani wa kiasi gani, walikadiria hitilafu iko umbali gani, kisha meli ya ukarabati ikapelekwa karibu na hapo badala ya kuranda bahari nzima. Hawakuanza kwa kukisia nani wa kulaumiwa, bali kwa kipimo kilichowaambia waya ni mzima mpaka wapi, na utaratibu huo unafaa hadi leo, ingawa njia ya sasa ina vituo vingi zaidi na vilivyo vingi havionekani kwa macho wala havilali baharini.

Kanzidata ni kumbukumbu zilizopangwa katika majedwali yenye safu na nguzo, kwa namna inayoiwezesha kompyuta kuzitafuta, kuzihesabu na kuzilinganisha kwa haraka. Kanzidata nyingi zinazotumika maofisini huulizwa kwa lugha ya SQL, iliyobuniwa katika kampuni ya IBM katika miaka ya 1970 kwa kufuata nadharia ya majedwali iliyochapishwa na Edgar Codd mwaka 1970. Zamani kanzidata ya taasisi ilikaa katika seva, yaani kompyuta kubwa inayohudumia nyingine, ndani ya jengo la taasisi yenyewe. Siku hizi taasisi nyingi hukodi nafasi katika kile kinachoitwa wingu, ambacho licha ya jina lake hakiko angani, bali ni majengo yaliyojaa seva, yenye umeme wa akiba na mitambo ya kupoza joto, yanayomilikiwa na kampuni zinazotoza kwa kadiri ya matumizi. Microsoft ilifungua vituo vyake vya Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024, ingawa wateja wengi wa Afrika Mashariki bado huhifadhi takwimu zao Ulaya. Juu ya mawingu hayo yamejengwa majukwaa makubwa ya takwimu, kama vile BigQuery, Redshift, Snowflake na Databricks, yanayoweza kuchambua mamilioni ya safu kwa sekunde chache.

Programu anayoitumia mchambuzi, iwe Excel, Power BI au programu iliyoandikwa na taasisi yenyewe, haijui namna ya ndani ya kuzungumza na kila moja ya kanzidata hizo, kwa sababu kila mtengenezaji ana utaratibu wake wa kupokea maswali na kurudisha majibu. Pengo hilo huzibwa na draiva, yaani programu ndogo inayosakinishwa katika kompyuta ya muulizaji, inayopokea swali kwa namna moja inayokubalika na wote na kulipeleka kwa namna inayofahamika na seva husika. Kanuni inayotumika zaidi katika kazi hiyo ni ODBC, iliyotolewa na Microsoft mwaka 1992, na ndugu yake ni JDBC, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1997 kwa ajili ya programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java. Mtumiaji wa kawaida huitambua draiva siku inapokataa kufanya kazi, na siku hiyo huona kwenye kioo maandishi marefu yenye namba zisizoeleweka, akayafunga upesi bila ya kuyasoma. Maandishi hayo ndiyo kipimo chenyewe, na kuyafunga ni kukitupa.

Kituo cha kwanza kimo ndani ya kompyuta, na hapo huzaliwa hitilafu zisizo chache ambazo mtandao husingiziwa. Katika Windows ipo sehemu inayosimamia draiva zote zilizosakinishwa. Yenyewe haizungumzi na seva yoyote, bali, mfano wa dalali wa Darajani asiyemiliki bidhaa lakini anayejua nani anauza nini, hupokea jina la chanzo cha takwimu kutoka kwenye programu ya mchambuzi, hulitafuta katika orodha yake, kisha huiita draiva inayohusika. Jina lisipopatikana, au draiva isipokuwapo, jibu hurudi likiwa na alama IM002. Alama hiyo ni mojawapo ya zile zinazoitwa SQLSTATE, ambazo kila moja ina alama tano za herufi au tarakimu, na ambazo huwekwa mwanzoni mwa ujumbe wa kosa ili kumweleza fundi ni aina gani ya tatizo lililotokea. Mtu anayeiona IM002 amepata hakika moja kubwa: swali halijatoka nje ya kompyuta, na mikongo yote ya Bahari ya Hindi hata ikiwa mizima, jibu litabaki lile lile.

Hapo hapo ndani ya kompyuta kuna mtego mwingine uliowapotezea watu wengi siku nzima za kazi, nao ni wa biti 32 na biti 64. Programu za kompyuta hutengenezwa kwa vipimo hivyo viwili, na draiva ya biti 64 haiwezi kubebwa na programu ya biti 32, wala kinyume chake, hata kama zote mbili zimesakinishwa kwa usahihi katika mashine moja. Ofisi inayotumia Excel ya zamani ya biti 32 ndani ya Windows ya biti 64 hudhani kwamba kipimo cha Windows ndicho kinachoamua, ikasakinisha draiva ya biti 64, kisha ikakutana na alama IM014 inayosema kwamba draiva na programu hazilingani. Mambo huzidi kuchanganya kwa sababu Windows ina vyombo viwili vya kusajili vyanzo vya takwimu, vyote vikiwa na jina moja la odbcad32.exe, na kile cha biti 64 kimo katika folda iitwayo System32 ilhali kile cha biti 32 kimo katika folda iitwayo SysWOW64, kinyume kabisa na yanavyoashiria majina. Fundi mwenye uzoefu huanza kwa kuuliza programu ya mchambuzi ni ya biti ngapi, na hukisajili chanzo cha takwimu katika chombo chenye kipimo hicho hicho.

Lipo pia suala la nani aliyekisajili chanzo. Chanzo kilichosajiliwa kwa jina la mtumiaji mmoja hakionwi na mtumiaji mwingine wa kompyuta ile ile, na kwa sababu hiyo ripoti inayofunguka vizuri mchana mbele ya mchambuzi hushindwa usiku inapoendeshwa na mfumo chini ya akaunti nyingine, na asubuhi yake watu huambizana kwamba mtandao ulikatika usiku. Dawa yake ni kukisajili chanzo kwa kompyuta nzima. Kwa upande wa JDBC, kosa linalolingana na hayo ni ule ujumbe wa kutopatikana kwa draiva inayofaa, ambao maana yake aghalabu ni kwamba faili la draiva halikuwekwa mahali programu inapolitafuta, au anwani ya seva imeanza kwa maneno yasiyo sahihi.

Swali likishatoka ndani ya kompyuta hukutana na safari yenyewe. Kwanza jina la seva hubadilishwa kuwa anwani ya namba, kazi inayofanywa na mfumo wa DNS, ambao ni daftari la majina ya intaneti. Amri ya nslookup ikishindwa kurudisha anwani, basi ama jina limeandikwa vibaya, jambo ambalo hutokea sana kwa kuwa majina ya majukwaa haya huwa marefu na hubeba ndani yake jina la akaunti na la eneo, ama kanzidata imefungwa isionekane ila kwa wale waliomo ndani ya mtandao wa faragha wa taasisi. Baada ya jina hufuata mlango, ambao mafundi huuita poti, yaani namba inayoonyesha huduma gani inatakiwa katika seva ile: majukwaa mengi ya wingu hupokea wageni kupitia mlango 443, ambao ndio unaotumiwa na tovuti za kawaida zenye usalama, lakini Redshift hutumia 5439, PostgreSQL 5432 na SQL Server 1433. Ofisi nyingi na hoteli nyingi huruhusu mlango 443 na kufunga mingine yote kwa kutumia faiawoli, ambayo ni ukuta wa ulinzi wa mtandao, na hivyo mfanyakazi huweza kufungua tovuti zote za dunia huku kanzidata yake ikiwa haifikiki.

Namna swali linavyoshindwa katika hatua hii hueleza mengi kwa anayeangalia saa. Kukataliwa papo hapo kwa kawaida huonyesha kwamba kuna mashine iliyofikiwa na ikasema haina huduma katika mlango ule. Ukimya wa nusu dakika au dakika nzima unaoishia kwa alama 08001, yaani muunganisho haukuwezekana, au HYT00, yaani muda wa kusubiri umekwisha, ni dalili ya faiawoli inayolitupa swali bila ya kujibu, au ya njia iliyokatika. Amri ya ping, ya kuuliza kama mashine inaitikia, haitoshi kuamua, kwa sababu seva nyingi za wingu zimepangwa zisiijibu kabisa. Kinachofaa ni kuujaribu mlango wenyewe, na Windows ina amri ya Test-NetConnection kwa kazi hiyo. Kuna na jaribio jingine ambalo halihitaji ujuzi wowote na linapatikana kila pembe ya Unguja: kuitoa kompyuta katika mtandao wa ofisi na kuiunganisha kwa muda na intaneti ya simu ya mkononi, ikiwa taratibu za taasisi zinaruhusu. Ujumbe wa kosa ukibadilika, hata kama muunganisho haukufaulu, basi kipande cha njia kilichomo ndani ya jengo kimehusika.

Pengine njia yenyewe hukatika kweli, na ni haki kulisema hilo bila ya kulipunguza. Mawasiliano ya Unguja kwa kawaida huvuka mkondo wa bahari hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo huingia katika mikongo mikubwa ya SEACOM, iliyoanza kazi mwaka 2009, na EASSy, iliyofuata mwaka 2010. Februari 2024 SEACOM iliharibiwa katika Bahari ya Sham, na tarehe 12 Mei 2024 mikongo yote miwili ikakatika katika kipande kilicho kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Waliohifadhi takwimu zao Afrika Kusini kwa kuwa ni karibu waligundua siku hiyo kwamba ukaribu wa ramani na uimara wa njia ni mambo mawili tofauti. Wazanzibari walikuwa wameshalijua jambo hilo kwa upande wa umeme, pale waya uliotoka Ras Kiromoni hadi Fumba ulipoharibika Mei 2008 na kukiacha kisiwa bila ya umeme wa gridi kwa takriban mwezi mmoja, kisha tatizo kama hilo likarudi Desemba 2009 na kudumu takriban miezi mitatu; waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013. Historia hiyo ndiyo inayofanya neno la mtandao kukatika liaminiwe kwa urahisi hata siku ambayo nyaya zote ziko salama.

Kuna hali moja ambayo hufanana sana na kukatika kwa mtandao ilhali siyo. Majukwaa ya wingu hutoza kwa muda ambao mashine zinafanya kazi, na kwa hivyo taasisi huyapanga yajizime yenyewe yasipotumiwa. Mchambuzi anayefika kazini asubuhi na kuuliza swali la kwanza huliamsha jukwaa lililolala, nalo katika mipangilio mingine huhitaji dakika kadhaa kusimama, ilhali draiva yake imepangiwa kusubiri sekunde chache tu. Swali la kwanza hushindwa, la pili hushindwa, na la tatu hufaulu, na ofisi nzima hufurahi kwamba mtandao umerudi. Kinachotakiwa ni kuongeza muda wa kusubiri katika mipangilio ya draiva.

Polepole nayo isichanganywe na kukatika. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo mkongo wenye urefu wa kilomita 10,000 huchukua angalau sehemu ya kumi ya sekunde kwenda na kurudi, hata kila kifaa kikiwa kizima. Programu inayopeleka safu 5,000 moja moja, ikingoja jibu la kila safu, hutumia zaidi ya dakika 8 kwa safari peke yake. Ikizifunga katika mafungu ya safu elfu moja, safari huwa tano na muda wake hupungua hadi nusu sekunde. Hakuna kifurushi cha intaneti, kiwe ghali vipi, kitakachoipa programu ile ya kwanza kasi ya ile ya pili.

Swali likifika katika mlango wa seva, pande mbili huthibitishiana kwanza kwamba kila mmoja ndiye anayedai kuwa. Seva hutoa cheti cha usalama, ambacho ni hati ya kidijitali iliyotiwa saini na mamlaka inayoaminika na yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na draiva hukikagua kwa kutumia saa ya kompyuta. Hapa ndipo saa isiyo sahihi huleta balaa: kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa, ikizimika pamoja na umeme huamka ikiamini kwamba iko miaka mingi nyuma, na kila cheti inachoonyeshwa hukiona kuwa bado hakijaanza kutumika. Tokeni, yaani hati za muda mfupi zinazotumika badala ya nywila, huvumilia tofauti ya dakika chache tu. Vyeti vikuu navyo huzeeka: tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha DST Root CA X3, kilichotegemewa na huduma ya Let's Encrypt, kilimaliza muda wake, na mashine za zamani ambazo hazikuwa zimesasishwa zikaanza kuzikataa seva zilizokuwa nzima kabisa. Wakati mwingine kinachokataliwa si cheti cha kanzidata bali cha kifaa cha ofisi kinachofungua na kukagua mawasiliano ya wafanyakazi. Katika hali hiyo fundi hupaswa kukisajili cheti cha kifaa hicho katika orodha ya vyeti vinavyoaminiwa na draiva, wala asishawishike kuzima ukaguzi wa vyeti, kwa maana kuuzima ni kukubali kuzungumza na yeyote atakayejitokeza.

Baada ya seva kujitambulisha ni zamu ya muulizaji, na alama 28000 humaanisha kwamba hakukubaliwa. Mwaka 2024 wadukuzi walitumia nywila zilizoibwa kuingia katika akaunti za wateja wa Snowflake, na kampuni ya usalama ya Mandiant ilieleza kwamba taasisi zipatazo 165 huenda ziliathirika. Akaunti zilizoingiliwa hazikuwa na uthibitisho wa pili zaidi ya nywila. Tangu wakati huo majukwaa yameongeza masharti, na programu ya zamani iliyoachwa na mtaalamu aliyekwisha kuondoka, ikiwa na nywila ndani yake, inaweza kukataliwa ghafla bila ya mtu yeyote kubadilisha kitu ofisini. Kurudia nywila ile ile mara nyingi huifunga akaunti. Wengine hukataliwa kwa sababu ya mahali wanapotokea, kwa kuwa msimamizi ameruhusu anwani za ofisi tu, na anwani zinazotolewa na kampuni za simu hubadilika na hutumiwa na wateja wengi kwa pamoja. Na aliyeingia anaweza bado kuambiwa kwamba jedwali halipo, ilhali lipo ila hana ruhusa nalo, kwa sababu majukwaa mengine hayapendi kumthibitishia mtu asiyeruhusiwa kwamba kitu fulani kipo.

Hitilafu zinazostahili kuogopwa zaidi ni zile zinazokuja baada ya muunganisho kufaulu, kwa sababu mara nyingi hazina alama wala ujumbe. Mtaa wa Ng'ambo, ulio upande wa pili wa Darajani, unatosha kuwa mfano. Katika lugha ya SQL, alama ya ritifaa ndiyo inayofungua na kufunga maandishi, kwa hiyo programu inayounda swali kwa kubandika jina la mtaa katikati ya amri huifanya kanzidata iamini kwamba jina limeishia kwenye herufi za Ng, na kilichobaki huonekana kuwa amri isiyoeleweka. Mwanya huo huo ndio unaotumiwa na wadukuzi kupenyeza amri zao. Draiva zina dawa yake tangu zamani: swali hupelekwa likiwa na nafasi tupu, na thamani hupelekwa kando, ili kanzidata isizichanganye kamwe. Hata hivyo programu zilizotengenezwa mbali, na watu ambao majina yao hayana ritifaa, hulipuuza hilo, na waandishi wa takwimu huishia kuandika Ngambo bila ya alama; wengine huandika kwa ritifaa iliyonyooka na wengine kwa iliyopinda, na ripoti ya mwisho wa mwezi huuhesabu mtaa mmoja kama mitaa mitatu.

Saa nayo huleta upotofu wa aina hiyo. Majukwaa ya wingu kwa kawaida huhifadhi wakati kwa kipimo cha kimataifa cha UTC, ambacho kiko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, huku mtu wa Unguja akihesabu saa zake tangu kuchomoza kwa jua. Tukio la saa mbili asubuhi, basi, linaweza kuandikwa 2, 8 au 5, kutegemea nani aliyeandika na draiva imepangwaje. Upotofu wa tarehe ni mbaya zaidi: kila kinachotokea kati ya saa sita na saa tisa za usiku huangukia siku iliyotangulia kikisomwa kwa UTC, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai huonekana katika ripoti kuwa amezaliwa tarehe 30 Juni, na kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, anahesabiwa katika mwaka mwingine kabisa. Mipangilio ya draiva ina sehemu ya kutaja saa za eneo, na ofisi yoyote inayotoa takwimu kwa umma inapaswa kuijaza wazi na kuiandika katika kumbukumbu zake.

Zanzibar yenyewe ina mfano wa mfumo uliojengwa kwa kukubali tangu mwanzo kwamba muunganisho utakatika. Mwaka 2008 mpango wa malaria wa Zanzibar ulianzisha mfumo wa MEEDS, ambao vituo vya afya viliutumia kupeleka taarifa za wagonjwa kwa simu za kawaida za mkononi, na mwaka 2012 ukaongezwa mfumo wa Coconut Surveillance, uliotengenezwa kwa ushirikiano na shirika la RTI International. Kila mgonjwa anapothibitika kituoni, ofisa wa wilaya hupata taarifa katika simu, huenda kituoni na kisha nyumbani kwa mgonjwa akiwa na kishikwambi, huwapima wanakaya wengine kwa kipimo cha haraka, na huandika matokeo palepale. Katika kisiwa ambacho maambukizo yameshashuka hadi chini ya asilimia 1, kila mgonjwa mmoja ana uzito, na taarifa iliyopotea kwa sababu ya mawimbi hafifu huko Kizimkazi au Chwaka ingekuwa hasara halisi. Coconut hutumia kanzidata ya aina ya CouchDB, ambayo huweka nakala ndani ya kishikwambi chenyewe na kuilinganisha na ile ya seva muunganisho unapopatikana. Kumbukumbu moja ikibadilishwa katika vifaa viwili kwa wakati mmoja, mfumo huteua toleo moja la kuonyeshwa lakini hulihifadhi na la pili, ili mtu aweze kuamua baadaye lipi ni sahihi.

Utaratibu huo haufai kila kazi. Mchambuzi wa takwimu za utalii anaweza kutumia nakala ya jana ikiwa ripoti yake inaonyesha wazi kwamba ni ya jana, lakini hoteli ya Kendwa inayouza chumba chake cha mwisho kwa wageni wa mabara mawili, au ofisi inayopokea malipo ya kodi, inahitaji jibu la sasa hivi kutoka katika kanzidata moja. Taasisi za namna hiyo mara nyingi hununua mtandao wa pili kwa kampuni nyingine na kujiona salama. Mei 2024 ilionyesha kwamba kampuni mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa zinategemea njia ile ile ya baharini, na kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kutia saini mkataba wa pili ni takwimu zao zitavuka bahari kupitia wapi, kutoka Unguja hadi Dar es Salaam, na kutoka Dar es Salaam hadi katika jengo ambamo kanzidata imo.